Sukari ya Damu Inavyoingia Ubongoni, na la Kufanya Inaposhuka

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Kwa siku huhitaji glukosi gramu 120 hivi, wala hauna akiba ya maana. Huishi kwa kile damu inachokileta saa ile ile. Sukari ikishuka mno, dalili huja upesi: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, ukali usio na sababu, maneno kuvurugika. Ikiachwa, hufuata degedege au kupoteza fahamu.

Hata hivyo, sukari kuwemo ndani ya damu hakutoshi, kwani si kila kilichomo kwenye damu huingia ubongoni. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alidunga wanyama rangi, na viungo vyao vikabadilika rangi isipokuwa ubongo. Leo sababu inajulikana. Seli zinazounda kuta za mishipa myembamba ya damu ubongoni zimebanana kiasi kwamba glukosi haipati upenyo katikati yake. Sharti ivushwe na protini iitwayo GLUT1, iliyopachikwa kwenye utando wa seli hizo, upande wa damu na upande wa ubongo.

GLUT1 haingoji insulini. Misuli na mafuta, kwa sehemu kubwa, huingoja. Hapo ndipo hatari ilipo: mgonjwa wa kisukari akijidunga insulini kisha chakula kikachelewa, misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu, na GLUT1, hata iwe nzima kiasi gani, inakosa cha kuvusha.

Kwa hiyo, mwenye kisukari akiona dalili zilizotajwa mwanzoni apime sukari yake. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au kama hana kipimo karibu, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Apime tena baada ya dakika 15; ikiwa bado iko chini arudie, ikipanda ale chakula. Aliyefunga Ramadhani naye afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika chache. Hilo ni suala la uhai, na familia nzima inapaswa kumuunga mkono.

Asiye na fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kwani kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na waambie wahudumu kama anatumia insulini au vidonge vya kisukari. Mtoto mwenye malaria kali aliyezimia au anayepata degedege lazima apimwe sukari, kwa sababu malaria yenyewe huishusha, na dawa ya kwinini huchochea insulini na kuishusha zaidi. Mzazi asione haya kuuliza: "Sukari yake mmeipima?"

Kuna watoto ambao sukari ya damu yao ni nzuri kabisa, na bado ubongo una njaa. Mwaka 1991 daktari Darryl De Vivo wa New York na wenzake walieleza habari za watoto wachanga wawili wenye degedege, ambao sukari yao ilikuwa ya kawaida kwenye damu lakini chini sana kwenye maji ya uti wa mgongo. GLUT1 yao ilikuwa pungufu. Ugonjwa huu ni nadra, ila unastahili kujulikana kwa sababu una tiba. Seli zile zile za mishipa zina njia nyingine inayopitisha ketoni, nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, na ndiyo inayoutunza ubongo mtu anapokaa na njaa siku nyingi. Mtoto akipewa mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ubongo hupata nishati bila kuitegemea GLUT1. Mlo huu husimamiwa na daktari na mtaalamu wa lishe, usiuanzishe nyumbani. Ikiwa mwanao alianza kifafa kabla ya kutimiza mwaka, dawa hazimsaidii, na hali huwa mbaya zaidi kabla ya kula, muulize daktari kuhusu kulinganisha sukari ya damu na ile ya maji ya uti wa mgongo.

Neno moja kwa wanaotumia insulini miaka mingi. Sukari ikishuka mara kwa mara, ubongo huzoea. Katika panya wa maabara imeonekana kwamba seli za mishipa huongeza GLUT1 ili kufidia upungufu. Kwa binadamu, mazoea hayo huondoa jasho na mtetemo, mtu akaanguka bila onyo. Ukiona hushtuki tena hata kipimo kinaposoma chini ya milimoli 3, mweleze daktari akupunguzie dozi au abadilishe ratiba. Kuepuka kushuka kwa sukari kwa wiki kadhaa mara nyingi hurudisha dalili za onyo. Mpaka hapo, pima kabla ya kuendesha gari au bodaboda, na ulale na sukari karibu na kitanda.