Elephanta kwa Siku Moja

Swali: Nimemleta mama Mumbai kwa matibabu, na daktari ametupa siku ya kupumzika. Tunaweza kwenda kuona mapango ya kisiwa cha Elephanta na kurudi siku hiyo hiyo?

Jibu: Mnaweza, ila si Jumatatu, kwa kuwa mapango hufungwa. Pandeni boti ya asubuhi pale Gateway of India. Safari ni kama saa moja. Kuanzia Juni hadi Septemba bahari huchafuka, na boti huweza kusitishwa.

Kinachonipa wasiwasi ni ngazi za kupanda hadi mapangoni, zinapita 100. Wapo wachukuzi wenye viti vya kubeba watu. Patana nao bei kabla mama hajaketi. Chakula fungeni vizuri, maana nyani wa kisiwani hunyakua.

Ndani, msiwe na haraka. Nguzo, kuta na sanamu vyote vilichongwa kutoka mwamba ule ule. Nendeni moja kwa moja kwenye sanamu ya Shiva, mungu wa Kihindu, mwenye nyuso tatu, kazi ya yapata karne ya 6, kimo karibu mita 6. Acheni macho yazoee giza: uso mmoja mkali, mwingine mpole, wa katikati umefumba macho kwa utulivu. Kwangu mimi, huo peke yake unatosha nauli.