Kizibao cha Rangi ya Machungwa na Usalama wa Mwindaji

Baadhi ya majimbo ya Marekani humlazimisha mwindaji wa wanyama wadogo kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa. Sababu imo ndani ya jicho. Retina ya binadamu ina aina tatu za seli zitambuazo rangi. Ya sungura na nsya ina mbili tu, hivyo rangi hiyo huwapotelea katika majani ilhali mtu huiona toka mbali. Kanga na kware huiona vizuri, lakini afadhali kanga aruke kuliko mtu apigwe risasi.

Katika vichaka vya Ngara na Biharamulo, kizibao hicho, mfano wa vile vya mafundi wa barabara, kina mipaka. Mng'ao wake hutegemea mwanga wa mchana. Jua likizama, rangi ya machungwa hutangulia kufifia machoni. Zito zaidi ni kwamba humlinda aliyekivaa peke yake. Mchanja kuni, mchungaji na mtoto atafutaye uyoga hawanacho. Kwa hiyo kichaka kinachotikisika si windo mpaka mnyama mzima aonekane, na kilicho nyuma yake kijulikane.

Wala kizibao si kibali: kibali hudaiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na ndani ya Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, uwindaji ni marufuku.

Jeraha la risasi ligandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, risasi isichokolewe, na majeruhi awahishwe hospitali. Mhudumu amvue nguo na kumkagua mgongo, kwapa na kinena, kwani tundu dogo kifuani laweza kuwa na jingine kubwa nyuma.