Mama, Tusome Kwanza

Wanasheria wenzangu, darasani tunasoma hukumu. Lakini madai mengi ya ajali za barabarani hayafiki kwenye hukumu. Yanaishia mezani: bima inataja kiasi, wakili anamwita mteja, mteja anatia sahihi, basi. Nataka tuongee kuhusu dakika hizo chache, maana nimekaa kwenye meza hiyo na nikakosea.

Nilikuwa atachi kwenye ofisi moja ya mawakili Mombasa. Akaja mama muuza samaki aliyegongwa na matatu, anatembelea mkongojo, mguu una chuma ndani. Bima ilikuwa imetoa laki tano. Barua ilikuwa ya Kiingereza na wakili yuko kortini, nikaambiwa nimweleze mimi.

Nikamwambia, "Mama, wamekubali kulipa laki tano."

"Mwanangu, ungekuwa wewe ungechukua?"

"Ningechukua."

Akatia dole gumba.

Wiki sita baadaye alirudi na karatasi ya hospitali: chuma kitolewe, na bei iko pale. Alidhani bima italipa. Ikabidi nimwambie kuwa ile karatasi aliyotia dole ilisema hatadai tena chochote. Kumbe gharama ya kutoa chuma ilikuwa kwenye ripoti ya daktari tangu mwanzo. Ilikuwa ndani ya faili. Sikuifungua.

Kosa langu si kwamba laki tano ni kidogo. Pengine korti ingempa hizo hizo, au chini yake. Kosa ni kwamba uamuzi ulikuwa wake, nami nikamnyima vitu vya kuamulia. Wakili anashauri, anayekubali au kukataa ni mteja. Kwa hiyo kabla ya sahihi, aelezwe haya kwa lugha anayoielewa:

Kwanza, akikubali, dai limekwisha, hata mguu ukiharibika zaidi.

Pili, hesabu yote. Dai lina thamani gani, pamoja na matibabu yajayo? Ada na gharama zikitolewa, anabaki na ngapi? Laki tano za kwenye barua si laki tano za mkononi.

Tatu, akikataa itakuwaje. Kesi huchukua muda, na korti inaweza kupunguza fidia ikiona naye alichangia ajali. Lakini sheria ya Kenya inatoa miaka 3 kufungua kesi ya uzembe. Kama muda bado upo, asikimbizwe.

Nne, wewe unafaidika vipi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya kulipwa ukishinda tu. Hata hivyo, wakili mwenye kodi ya ofisi ana sababu ya kutaka faili lifungwe upesi. Kama ushauri wako unakufaa na wewe, mwambie wazi.

Wakili aliporudi nilimweleza yote. Alimwita yule mama, akamwambia kosa ni letu, na kwamba ana haki ya kutafuta wakili mwingine na kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Huo pia ni wajibu, na ndio mgumu kuliko yote. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile ripoti wewe uliisoma?"

Sikuwa na jibu. Nyinyi mtakaoenda atachi mwaka huu, fungueni faili kwanza.