Kukereza Chuma Nyumbani: Anayeanza Aanzie Wapi?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

  Mmezoea kusoma humu habari za ngano, ng'ombe wa maziwa na wakimbiaji wetu hodari. Leo nawaletea somo la chuma chenyewe.

Mashine ninayotaka kuieleza huitwa kerezo. Mafundi wa Sisibo, yaani Eldoret, ukiwatajia jina hilo watakukodolea macho tu. Wao husema leithi. Hata hivyo kitendo cha kukereza si kigeni katika Kiswahili. Mafundi wa mbao wa Lamu wamekereza miguu ya vitanda tangu enzi za mababu. Tofauti ni kwamba yetu hukata chuma. Mnajua keekee: yenyewe huzunguka na kitu kinachotobolewa hutulia. Kwenye kerezo mambo ni kinyume. Chuma ndicho kinachozunguka, nacho kisu hukaa imara kikikimenya mithili ya mtu amenyaye chungwa. Pini ya trekta, bushi ya kisiagi cha posho na shafti ya pampu ya maji zote hupitia hapo.

Basi mwaka jana baba mdogo aliuza mtamba wake mmoja akanunua kerezo kuukuu. Wanaume wanne waliishusha kutoka kwenye pikapu wakihema. Kogo wangu aliitazama ile kutu, akamtazama baba mdogo, akauliza kama hiyo nayo itazaa ndama. Hakuna aliyemjibu. Ubavuni kulikuwa na jina Myford. Ni aina ya ML7, iliyoanza kuundwa Beeston, karibu na Nottingham huko Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni ndogo: kutoka kitovu cha mzunguko hadi kitandani ni inchi tatu na nusu, na chuma kirefu inachoweza kukishika kati ya kichwa na mkia ni inchi 20.

Sehemu zake si nyingi. Kitanda ni ule mhimili mrefu wa chini. Kichwa kiko mkono wa kushoto, nacho ndicho kinachozungushwa na mota kwa mikanda. Mkia uko kulia na husaidia kushikilia ncha ya chuma kirefu. Katikati kuna kigari kinachobeba kisu. Kichwani kumefungwa chaki, na tafadhali msicheke, hii si ya mwalimu ya kuandikia ubaoni. Ni kifaa chenye meno matatu kinachobana chuma.

Anayetaka kununua kuukuu asidanganywe na rangi mpya. Rangi ni ya mkebe mmoja tu, kitanda kilicholika hakirudishiki kwa rangi. Kitanda hulika zaidi karibu na chaki kwa kuwa kazi nyingi hufanyika hapo. Kaza kigari kikiwa karibu na chaki mpaka kisichezecheze, halafu kisukume polepole kuelekea mkiani. Kikikwama njiani, ujue kitanda kimelika. Si lazima uikatae mashine, lakini punguza bei! Kisha ingiza kipande cha mbao chini ya chaki uinue kidogo. Ukihisi inaruka juu na chini, beringi zimechoka. Tazama gia kama hazina mapengo. Tazama pia meno ya chaki: yameandikwa 1, 2 na 3, na yote yawe ya seti moja.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni stima. Mashine nyingi za karakana hutumia mota ya fezi tatu, ilhali nyumba zetu hupata fezi moja ya volti 240. Mtu anaweza kubeba mashine nzuri hadi nyumbani ikamkodolea macho kama jiwe. Yetu ilikuja na mota ya fezi moja ya nusu nguvu ya farasi. Hata hivyo waya wake ulikuwa umeliwa na panya, tukamwita fundi wa stima abadilishe na kuweka waya wa ardhi. Mashine ni chuma kitupu na sakafu ya kibanda hulowa mvua inaponyesha. Hapo usijaribu ufundi wa kubahatisha.

Kutu tuliitoa kwa mafuta ya taa, matambara na kile kisuguzi cha waya laini cha sufuria. Msasa hatukuuweka kitandani hata mara moja, maana chembe zake hubaki zikisaga chuma siku zote. Baada ya hapo, oili kila mahali pa kusugana. Kazi hiyo ilichukua likizo nzima ya Aprili, na mikono yangu ilinuka mafuta ya taa hata nikila mursik.

Halafu meza. Iwe nzito na isiyotikisika, na mashine ifungwe kwa bolti. Weka pimamaji likikingama kitanda, kwanza upande wa kichwa kisha upande wa mkia. Lazima vipimo vyote viwili vifanane. Ukikaza bolti mahali palipobonyea, kitanda chote hujipinda kidogo usikoona kwa macho, na kila utakachokereza kitakuwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Sisi tuliinua pembe moja kwa kipande cha bati la mkebe wa Kimbo.

Kisu nacho kiwe sawasawa na kitovu cha chuma. Kuna ujanja mzuri wa kupima. Mashine ikiwa imezimwa, bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na chuma cha duara. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Kichwa cha rula kikiinamia kwako, kisu kiko chini. Kikiinamia upande wa pili, kisu kiko juu mno.

Mnaosema hisabati haina faida, sikilizeni. Kwa kisu cha kawaida, chuma laini hupenda kupita kwenye ncha kwa kasi ya takriban mita 25 kwa dakika. Ili kupata mizunguko, chukua 25,000 ugawanye kwa pai mara kipenyo kwa milimita. Chuma cha milimita 20: 25,000 gawanya kwa 62.8, unapata karibu mizunguko 400 kwa dakika. Cha milimita 40 ni nusu yake, 200. Kadiri chuma kilivyo kinene ndivyo kinavyozungushwa polepole. Hapo unachagua mkanda ukae kwenye puli ipi.

Sasa nieleze kilichonifika. Ilikuwa Novemba, msimu wa mavuno, trela za mahindi zikipishana barabarani. Jirani mmoja alikuja mbio, pini inayounganisha trekta na trela imekatika. Alihitaji nyingine ya milimita 25. Baba mdogo alikuwa na chuma cha milimita 28. Akaniambia, "Haya msomi, tuone." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka shuleni dakika hiyo, nikasimama mbele ya mashine na sweta yangu ya shule.

Vipimo vya mashine hiyo ni vya inchi. Alama moja ndogo kwenye gurudumu ni inchi moja kwa elfu, yaani milimita 0.0254. Nilitaka kuondoa milimita 3. Nikagawanya, nikapata 118. Nikaanza kukata aste aste, safu baada ya safu, mpaka alama 118 zikatimia. Kumbe! Kisu kikiingia milimita moja hukata upande huu, na chuma kikizunguka hukata upande ule pia. Kipenyo hupungua mara mbili. Alama nilizozihitaji zilikuwa 59 tu. Pini yangu ikawa ya milimita 22, ikichezacheza tunduni kama njiti ya kiberiti ndani ya chupa. Jirani alinyamaza. Ningependelea angenikemea.

Tulitafuta chuma kingine, nikakiri kosa langu na kuanza upya, macho yote yako kwenye alama. Nadhani ndiyo sababu sikuuona mkono wa sweta. Uzi mmoja uliochomoza ulinaswa na meno ya chaki. Sweta ikaanza kuvutwa, nami nikavutwa nayo. Mungu si Athumani! Baba mdogo alikuwa karibu na swichi, akaizima. Mkono wa sweta ulikuwa umefumuka hadi kwenye kiwiko, na vidole vyangu vilikuwa umbali wa yai moja kutoka kwenye chaki. Alinikalisha nje nikanywa maji. Hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani akahamisha swichi ikakaa mahali mtu anapoweza kuifikia kwa goti.

Tangu siku hiyo mikono hukunjwa juu ya kiwiko, sweta na tai hubaki nyumbani, nazo leso hazikaribii kibanda. Glavu pia ni adui mashine ikizunguka, ingawa wengi hudhani ni kinga. Ufunguo wa chaki hautoki mkononi ila kwenda msumarini pake. Ukisahaulika kwenye chaki na mashine ikawashwa, huruka kama jiwe la kombeo. Miwani ni lazima. Zile nyuzi ndefu za chuma zinazojisokota ni moto na ni kali kuliko wembe, kwa hiyo tunazivuta kwa kijiti chenye ndoano baada ya kuzima.

Pini ya pili aliimalizia baba mdogo mwenyewe, milimita 24.8, ikaingia tunduni bila nyundo. Jirani alilipa, na trela ikaondoka jua likitua. Kogo aliomba kuishika ile pini yangu mbovu. Aliigeuzageuza, akasema inafaa kuwa komeo la mlango wa kuku, na huko ndiko iliko mpaka leo.

Bado sijajifunza kukata uzi wa parafujo. Kazi hiyo huhitaji gia za kubadilisha kulingana na uzi unaoutaka, na seti yetu ina pengo: gia ya meno 45 haipo. Tumeulizia kwa mafundi wa jua kali mjini bila kufaulu. Mwenye habari yoyote anitafute Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha, kabla ya saa kumi maana baadaye nakimbilia matatu.