Programu ya Noti Inayokataa Kuingia

*Bwana Mtaalamu, mimi ni mpiga fidla wa taarabu, Unguja. Mara tatu nimejaribu kuingiza MuseScore 4 katika kompyuta yangu kongwe ya mezani, nayo yakataa. Je, imekwisha kufa? — Mpiga Fidla*

Ndugu yangu, ondoa hofu: kompyuta yako haikufa, bali yaelekea kwamba mfumo wake ni wa biti 32, ilhali MuseScore 4, iliyotolewa Desemba 2022, haikubali ila biti 64. Fungua mipangilio ya Windows, uingie sehemu ya mfumo, usome aina yake; ikiwa ni 32, pakua toleo la 3.6, ambalo nalo ni la bure, tena kwa wenyewe, musescore.org, kwani nakala za kupokezana kwa flashi huweza kuja na virusi. Likiisha kuingia, tafuta katika alama zake ile bemoli iliyokatwa mstari, ishushayo robo ya sauti. Bila ya hiyo, maqamu za taarabu kama Rast na Bayati haziandikiki kwa uaminifu, nami nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi mno. Lakini mfumo ukiwa ni wa 64 na programu ingali yakataa, nakili kazi zako kwanza, ndipo umwite fundi.