Ukurasa wa bei uliofunguka si lazima uwe wa leo

SOMO la wiki hii linawahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo walioachana na daftari na sasa wanaandaa taarifa zao za bei kwa kompyuta. Wengi wana programu fupi, mara nyingi iliyoandikwa kwa lugha ya Python na kijana wa ofisini au mpwa anayesoma chuo. Programu hiyo husoma faili la bei, hupanga jedwali, huandika ukurasa mfano wa zile za tovuti, kisha huamuru kivinjari kiufungue ili mwenye biashara aone kila kitu bila kuhangaika. Ni utaratibu mzuri na wa gharama nafuu. Hata hivyo una tundu moja linaloweza kula faida ya safari nzima.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ukurasa huo haupo kwenye intaneti. Ni faili la kawaida lililomo ndani ya kompyuta yako, na anwani yake huanza na file:// badala ya http. Ndiyo maana hufunguka hata kama kifurushi cha intaneti kimekwisha, na mshindani wako hawezi kuusoma akiwa dukani kwake. Kwa sababu hiyo hiyo, kumtumia mshirika wako wa Kibaigwa anwani ile hakumsaidii kitu. Mtumie faili lenyewe.

Sasa tundu. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumwandalia mfanyabiashara mmoja wa mahindi, pale Tandale, utaratibu wa namna hii. Lilikuwapo faili la amri lenye mistari miwili: wa kwanza uliita programu ya kuandika ukurasa, wa pili uliufungua ukurasa. Asubuhi moja karani alisahau kujaza bei moja. Programu ikakwama kabla ya kuandika lolote. Lakini mstari wa pili hauna habari na yaliyoupata wa kwanza. Ulitekelezwa kama kawaida, na kivinjari kikafungua ukurasa wa jana yake. Jedwali safi, rangi zake, jumla zake. Ujumbe wa kosa ulikuwa kwenye dirisha jeusi nyuma ya kivinjari, na nani huangalia huko saa moja asubuhi huku dereva wa lori anapiga simu?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ukurasa wa jana unaonyesha mahindi yanauzwa Dar es Salaam kwa Sh. 700 kwa kilo, wakati bei ya leo imeshuka hadi Sh. 640. Gharama yako ya kununua na kusafirisha ni Sh. 650. Kwa tani 10 unatarajia faida ya Sh. 500,000. Mzigo ukifika unakuta hasara ya Sh. 100,000. Kwa wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, hatari haitofautiani: unampa dalali bei ya kikomo uliyoisoma kwenye ukurasa uliopitwa na wakati.

Dawa ni kuondoa ile mistari miwili na kuacha kazi yote ndani ya programu moja, kufungua kukiwa hatua ya mwisho kabisa. Kwa Python, sehemu hiyo huwa hivi:

import webbrowser
from pathlib import Path

faili = Path("bei.html").resolve()
faili.write_text(ukurasa, encoding="utf-8")
webbrowser.open(faili.as_uri())

Hapa "ukurasa" ni maandishi yaliyokwisha kuandaliwa juu yake. Bei ikikosekana, programu husimama huko juu na kivinjari hakifunguki kabisa. Kutofunguka huko ndiko kengele yako. Mwonye kijana wako asiifunike programu kwa amri za kumeza makosa ili ionekane haikwami. Atakuwa amelirudisha tundu lile lile.

Maneno resolve na as_uri si mapambo. La kwanza hutoa njia kamili ya faili, la pili huigeuza kuwa anwani halali ya kivinjari, hata kama folda yako inaitwa "Bei za Jumatatu" yenye nafasi kati ya maneno. Wapo wanaompa webbrowser jina la faili peke yake. Kwenye baadhi ya kompyuta hukubali, kwenye nyingine hukataa, na waundaji wa Python wenyewe wanasema njia hiyo si ya kutegemewa.

Lipo jambo la tarehe, na hapa wengi hujidanganya. Programu huandika juu ya ukurasa saa ya kompyuta, yaani saa ukurasa ulipotengenezwa. Ukilisoma faili la bei la juzi leo asubuhi, ukurasa utajigamba kuwa ni wa leo. Tarehe inayotakiwa ni ile ya bei zenyewe, iliyoandikwa ndani ya faili la bei. Iweke kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye jina linaloonekana juu ya kivinjari, kwa kuwa kichupo cha jana kilichoachwa wazi hakijibadilishi chenyewe faili linapoandikwa upya. Ukiwa na vichupo vitatu vyote vikiitwa "Bei", utasoma kipi? Mimi ningeongeza pia kwamba tarehe ya bei ikiwa si ya leo, kichwa kiwe chekundu. Kuikataza programu isifunguke kabisa ni kuzidisha, maana Jumapili nayo mtu hupenda kutazama bei za Jumamosi.

Aidha, usitumie faili la muda linalofutwa programu inapomalizika. Programu hukiita kivinjari na kuendelea na safari yake bila kukingoja. Kivinjari kikichelewa kidogo, kitakuta faili limekwisha futwa. Na ukihamishia programu kwenye kompyuta ya kukodi iliyo mbali, kumbuka kuwa kivinjari huitwa kwenye kompyuta ile, si kwenye hii iliyo mezani kwako.

Jioni hii, baada ya kufunga hesabu, libadilishe jina faili lako la bei kwa muda, kisha endesha programu. Ukurasa ukifunguka, usinunue kwa kuufuata kesho mpaka aliyeiandika programu hiyo ameirekebisha.