Programu ya Kazi Ikuulize Ukiwa Mbele ya Kazi

Siku hizi programu za telefoni zinaingia katika kazi nyingi. Ni programu ya namna gani inayomfundisha mtu kazi na kumlinda? Tuanze na watoto wetu.

Mtoto akikohoa na kupumua kwa shida, mganga anahesabu pumzi zake dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hata 12, pumzi 50 ao zaidi ni dalili ya homa ya mapafu. Kwa mtoto wa mwaka 1 hata 5, ni 40 ao zaidi. OMS na UNICEF waliandika njia hiyo katika kitabu, na mafunzo yake ya kawaida ni siku 11. Lakini wagonjwa wakijaa mlangoni, kitabu kinabaki kabatini na kuhesabu kunarukwa. Nayo homa ya mapafu inaua.

Huko Mtwara, kusini mwa Tanzania, walijaribu kutia kitabu hicho ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi. Habari zake zilitolewa mwaka wa 2008. Kompyuta iliuliza swali moja moja, mganga akijibu mbele ya mtoto. Hatua nyingi zaidi zilifuatwa, na kazi haikuchelewa sana. Maneno yalikuwa yale yale ya kitabu, ila yalifika kwa saa yake.

Sasa tuseme tunataka programu ya kukagua kamio hapa Salamabila. Ikiwa na maswali 30 ya kujibu «ndiyo» tu, dereva atayabonyeza yote akiwa kibandani anakunywa chai, na breki hakuna aliyezigusa. Kwangu mimi, hiyo ni mbaya kuliko kukosa programu, kwa maana shefu ataiamini. Swali zuri linampeleka dereva pahali penyewe: «Andika namba unayoiona kwenye kipimo cha hewa ya breki.» Hewa ikipungua, programu imweleze sababu: breki hazitakuwa na nguvu ya kutosha, usiondoe kamio, mwite fundi. Imweleze kwa Kiswahili, hata mtandao ukikatika.

Fundi wa programu akae na madereva kwanza, atazame kidole kinakwama wapi.

Linabaki neno moja kwa mashefu. Dereva akiandika kwamba breki ni mbaya, mshahara wa siku ile usikatwe. Ukikatwa, kesho ataandika kwamba ni nzuri.